Fundo la Turubai

Pale ghalani walimwita Msingi, na jina hilo hakulipenda hata siku moja. Lilimpata kwa sababu ya mashindano ya nguzo, ile ndefu inayopakwa grisi kila mwaka na kusimamishwa katikati ya uwanja, bendera ikiwa imefungwa kileleni. Timu hupanda kwa kusimamiana mabegani, na timu inayoishusha bendera huitundika kazini kwao mwaka mzima. Katika timu ya makuli wa ghala, mtu wa chini kabisa, mwaka wa tisa sasa, alikuwa yeye. Mabega mapana yalimponza. Wenzake walipokaa kusimulia walivyobakiza shibiri moja tu, yeye alikuwa na la kusimulia moja: harufu ya mti unapokuwa umeukumbatia kwa pua.

Ukutani pa ghala palikuwa na msumari aliougongomea mwenyewe mwaka ule wa kwanza, tayari kwa bendera. Ulikuwa umeshaota kutu. Magoti yake nayo yalikuwa hoi, na daktari alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba huu uwe mwaka wa mwisho. Kwa hiyo safari hii aliitaka bendera kuliko alivyowahi kutaka kitu.

Siku moja kabla, nguzo ikiwa bado imelazwa chini, msimamizi wa mashindano alimwona akipita.

"Bwana mkubwa, hebu tushikizie bendera hii. Kila tukiifunga inachomoka."

Msingi akaifunga huku akipiga soga. Miaka ishirini alikuwa akifunga maturubai kwenye malori, na mikono yake haikungoja kuulizwa. Ilifunga fundo la turubai, ambalo ukilivuta linazidi kukaza, ila ukivuta ile ncha fupi linalegea lenyewe.

Kesho yake kura iliwapa makuli zamu ya kwanza, yaani grisi yote juu yao. Walipanda wakiifuta kwa mashati. Wanne wakasimama juu ya Msingi, wa mwisho akiwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, karani wa ghala, mwembamba na mwepesi, ambaye maishani hajafunga kitu kigumu kuliko kamba za viatu. Uwanja ulilipuka kwa kelele. Msingi akajua bendera imeshikwa, na machozi yakamlengalenga papo hapo, uso ukiwa kwenye grisi.

"Haitoki!" karani alipiga ukelele. "Nikivuta inakaza!"

Hapo Msingi akalikumbuka fundo.

"Shemeji! Usivute bendera! Vuta ncha fupi!"

"Haitoki, jamani!"

"Ncha fupi! Ile iliyoning'inia! Ncha fupi, wewe!"

Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Huko juu watu wanne walikuwa wakigombana, kila mmoja na shauri lake, na maneno yake hayakuvuka hata kiuno cha mtu wa pili. Alitamani kuupanda mti huo mwenyewe kwa meno. Goti la kushoto likatetemeka, likakataa, na wote watano wakaporomoka wakawa rundo moja.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya waoka mikate, waliokuwa wakingoja hatua tatu kutoka hapo. Nguzo ilikuwa imeshafutwa, wakapanda kana kwamba wanapanda ngazi. Wa juu kabisa alikuwa mama mmoja mwenye umbo dogo, mpima unga. Hakuigusa bendera. Alitafuta kikamba kilichoning'inia, akakivuta kwa vidole viwili, na bendera ikamwangukia kichwani.

Makuli walikaa kwenye nyasi wakijikwangua grisi, hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake.

"Hivi ni mwendawazimu gani aliyefunga fundo lile?" karani aliuliza.

Wenzake wakamporomoshea matusi huyo mwendawazimu, na ukoo wake wakautia humo humo. Msingi aliwaacha wamalize. Angeweza kunyamaza, asijue mtu.

"Ni mimi," alisema.

Karani akaacha kujikwangua. "Wewe, shemeji? Na ulijua linavyofunguliwa?"

"Nalifungua kila siku ya Mungu."

"Sasa mbona hukusema?"

Msingi alinyoosha kidole upande wa pili wa uwanja, ambako waoka mikate walikuwa wamembeba mpima unga juu juu, bendera shingoni.

"Kawaulize wale," alisema. "Wao walinisikia."