Mama Alipotaka Kuijua Baridi ya Dada

Dada yangu alipohamia Kanada kufanya kazi ya uuguzi, Mama alimpigia simu kila Jumapili baada ya kanisa, na kila Jumapili neno lilikuwa lile lile. "Mama, huku kuna baridi." Mama alimjibu, "Vaa sweta, mwanangu." Tulikuwa tukikaa barazani Voi, jasho likitutiririka mgongoni, na mimi nilijua kabisa kwamba hawa wawili hawazungumzii kitu kimoja.

Mama ni mzaliwa wa Wundanyi, kule milimani. Kwake yeye baridi ni ukungu wa Julai unaoshuka juu ya mashamba, moto wa kuni na blanketi mbili. Kwa hiyo Dada alipotuita tumtembelee mwezi wa sita, wakati huko kuna jua, Mama alikataa.

"Nitakuja Januari," alisema. "Nataka kuiona yenyewe. Miaka yote hii mtoto ananiambia kitu nisichokijua."

Alijiandaa kwa njia zake. Alinunua koti zito la mitumba sokoni, akaja nalo adhuhuri kwenye duka langu la vipuri vya pikipiki, amelivaa na kulifunga hadi shingoni, mpaka watu wa bodaboda wakamuuliza kama ana malaria. Siku nyingine alienda kwa jirani anayeuza kuku, akatumbukiza mkono ndani ya friza na kuuacha humo. Alipoutoa alikuwa anacheka. "Si kitu," akaniambia. Mimi sikucheka. Mimi ndiye ningeenda naye, na tangu viza zitoke nilikuwa silali vizuri.

Tulipotoka nje ya uwanja wa ndege kule, pumzi ya kwanza ilinichoma puani kama pilipili. Mama alikohoa, akashika ukuta. Dada alimkumbatia, akamzungushia skafu mpaka yakabaki macho tu. Nyumba ya Dada ilikuwa kijumba cha kupanga pembeni mwa mji, theluji imelundikana hadi karibu na madirisha.

Siku chache baadaye Dada alirudi kazini. Kabla ya kutoka alituonya. "Msitoke bila funguo. Mlango huu hujifunga wenyewe. Na vidole vikiuma, ingieni ndani. Vikiacha kuuma mkiwa bado nje, hapo ndipo pa kuogopa."

Alipoondoka, jua lilitoka. Jua kali, jeupe, lisilo na joto hata kidogo. Mama aliliangalia dirishani muda mrefu.

"Nipige picha moja tu," alisema. "Ya kuwaonyesha kina mama wa kanisa."

"Tuvae vizuri kwanza."

"Picha moja, mwanangu. Tutasimama hapo mlangoni."

Alivaa lile koti la mitumba, leso kichwani, soksi na ndara. Mimi nilikuwa na sweta. Nilishuka ngazi nipate kumwona mzima, naye akashuka nyuma yangu ili ashike theluji mkononi. Upepo ukapita. Nilisikia mlango ukijibamiza, halafu sauti ndogo ya kitasa, na kabla hata sijageuka nilikuwa nimeshaelewa.

Nilisukuma kwa bega. Haukutikisika. Nilitaka kumpigia Dada, lakini simu niliyokuwa nayo mkononi ilizimika palepale kwa baridi.

"Usiogope," Mama akasema. Midomo yake ilikuwa tayari haimtii.

Nilikimbia kwa jirani wa karibu, nikigonga na kuita. Hakukuwa na gari wala alama ya mguu uani. Nyumba iliyofuata ilikuwa ng'ambo ya uwanja mpana, na nilijua Mama hawezi kuuvuka kwa ndara. Nikarudi mbio, mapafu yakiwaka. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi, mikono kwapani.

"Mama, inuka. Tembea."

"Acha nipumzike. Miguu imeacha kuuma. Sasa ni afadhali."

Sijawahi kuogopa neno kama nilivyoliogopa hilo "afadhali".

Beleshi la kuondolea theluji lilikuwa limeegemezwa ukutani. Nikalichukua, nikaenda kwenye dirisha la jikoni. Mama akaniona.

"Usivunje! Si nyumba yetu. Dada yako atafukuzwa. Tumsubiri."

"Anarudi jioni, Mama."

"Nimesema usivunje."

Maisha yangu yote sijampinga Mama akisema kwa sauti ile. Nikapiga. Kioo kikapasuka, na nyuma yake kulikuwa na kioo kingine, kizima. Nikapiga tena, beleshi likateleza, kwa kuwa vidole havikuwa tena vyangu. Nililikumbatia kwa mikono yote miwili, nikajitupa nalo. Safari hii kikavunjika. Niliingia kwa tumbo, nikajikata kiganja bila kuhisi, nikakimbia kufungua mlango, nikambeba Mama kama gunia.

Kwa simu yake iliyobaki mezani nilimpata Dada. "Usimsugue," akasema haraka. "Usimsogeze kwenye hita. Maji ya vuguvugu, si ya moto. Mfanye aongee. Ninakuja."

Miguu ya Mama ilikuwa myeupe kama nta. Nilipoitia kwenye beseni hakuhisi chochote. Kisha damu ikaanza kurudi, na Mama akauma leso yake, akalia. Alikuwa akiniambia mambo kwa Kidawida, lugha ya kwao Wundanyi, kwa sauti ya mtoto, nami nilikuwa najibu ndiyo, ndiyo, bila kusikia vizuri, upepo ukiingia kwa dirisha nililovunja.

Dada alifika akiwa bado na sare ya kazi. Alikagua vidole kimoja kimoja. Mikono yake ilitulia, uso haukutulia. "Viwili vitatoka malengelenge," alisema. "Havitakatwa." Ndipo akaketi sakafuni na kunifokea: "Ungeniulia Mama!" Tuliziba dirisha kwa godoro.

Baadaye Mama, miguu imefungwa bendeji, alimuuliza, "Wewe baridi yako ya kwanza ilikuwaje?"

Dada akasimulia jinsi basi lilivyochelewa majira yake ya kwanza ya baridi, akasimama kituoni na viatu alivyotoka navyo Voi, akafika kazini akajifungia chooni kulia, vidole vikimchoma. Hakumwambia mtu.

Nilitarajia Mama amwambie arudi nyumbani. Hakusema. Alimvuta tu, akamlaza kichwa kwenye paja lake.

Karibu na siku yetu ya kuondoka, vidole vilipopona kiasi, Mama aliomba avalishwe buti za Dada, glavu, kila kitu. Dada alikuwa anaenda zamu ya mchana, na Mama alitaka kumsindikiza hadi kituo cha basi. Nilipinga. Wote wawili hawakunisikiliza.

Nilisimama kwenye kioo kipya cha jikoni nikiwaangalia wakienda polepole, wameshikana mikono, mvuke ukiwatoka vinywani kwa maongezi. Basi lilikuja, Dada akapanda. Mama alisubiri mpaka likapotea, akageuka, akaanza kurudi peke yake akichechemea. Nikavaa koti, nikatoka kumpokea.