Sombe Yenye Ilikuwa Inarudi

Kupika, hakuna mutu wa kunifundisha. Mu Mususa yetu hapa Butembo, kukiwa ndoa ao kilio, banatuma mutoto ku mulango yangu: koko, nyanya yetu, banakuita ku sufuria. Sombe yangu mimi, majani ya muhogo ya kutwanga, hata pasteur anaombaka ile yenye kubakia apelekee bibi yake. Ninasema hii mbele ili mujue namna gani nilikasirika kule Uganda, wakati sombe ileile ilianza kurudi.

Tulienda kule bamama ya kanisa. Ngambo ya mupaka kuko kambi ya bakimbizi, na bengi mule ndani ni batu yetu, benye kukimbia bijiji bya Beni. Masomo mimi niliachia ku primaire, na inchi ya wengine nilikuwa ninasikia tu ku radio. Lakini wakati mama présidente, mukubwa wetu, aliuliza nani atatoka kuenda kusaidia, mukono yangu njo ilipanda ya kwanza. Bajukuu balicheka. Mumoja, ule wa université, anapendaka kuniongelesha kama vile niko mugonjwa, aliniuliza ku umri yangu nitaenda kutumika kazi gani kule. Nilimujibu: ileile yenye ilikulisha mpaka ukaota ndevu.

Tukashuka na njia ya Beni, joto ikatupokea, sisi batu ya Butembo na masweta yetu. Ku Kasindi tukavuka mupaka. Kambi yenyewe ilikuwa nyumba ya bâche, maturubai tu, mpaka macho inachoka, na vumbi nyekundu yenye ilikuwa inaingia hata mu meno.

Kule balitupatia mama mumoja, kijana bado. Alitoka upande ya Mabalako, kwenye balikuwa na shamba ya kakao, yeye na bwana yake. Bwana alibakia kule, mu udongo. Yeye alivuka na mutoto ku mugongo, kasichana kenye kalikuwa kananyonya bado. Infirmière, muuguzi wa kambi, alituambia waziwazi: ule mama hakuli, maziwa inakauka, na mutoto anaisha. Mumulishe mama, juu mutoto hana kitu ingine.

Kulisha? Nikaona kazi imeanguka mu mikono yangu.

Kwetu Banande, mutu akifiwa, moto yake inazimika. Yeye hapikake. Majirani njo banapika, banamuletea, banakaa naye mpaka siku ya kutosha kilio, ya kuiondoa. Siku ile anawasha moto yake mwenyewe, na batu banajua amerudia kati ya bazima. Ile njo tulijua, ile njo tulifanya. Asubuhi uji, saa sita bukari, ule ugali wetu, na sombe, magaribi tena. Hata kushika ndoo ya maji tulikuwa tunamukatalia. Akitaka kusimama, tunamuambia: kaa, mama, pumuzika.

Sahani ilikuwa inaenda imejaa na inarudi imejaa. Nikaonja: chumvi iko. Nikaongeza mafuta ya ngazi, ya mawese, nikatwanga karanga. Ikarudi. Mama mumoja wetu, ulimi yake haina mufupa, akasema labda kule Mabalako banajua sombe kutushinda. Wengine bakacheka mu bitambaa byao. Mimi sikucheka. Na mutoto, nilikuwa ninamuona kila siku: shingo ilikuwa imekuwa kama kamba, na kulia kwake ilikuwa imepunguka. Mutoto akiacha kulia, uogope.

Siku moja nikabeba sahani mimi mwenyewe, nikaketi mbele yake, nikamuuliza sombe yangu iko na nini.

Hakuniangalia. Alikuwa anamuangalia mutoto.

«Mama, hii kilio itaisha siku gani?»

Nikamuambia sijaelewa.

«Munaniletea chakula ya kilio. Ya asubuhi, bwana yangu amekufa. Ya saa sita, amekufa tena. Magaribi munakuja, anakufa tena. Nitamezaje?»

Ilikuwa kweli. Tulivuka mupaka na kilio yote ku kichwa, tukaitua mu nyumba yake, na hakuna mutu alifikiri kuitosha. Siku ya kuitosha tulibakisha Butembo.

Sasa nikafanya nini? Nikasukuma sahani pembeni. Nikamuambia mimi niko mugeni, nimetoka mbali, nimevuka inchi, na njaa inaniuma. Atanipa nini?

«Sina kitu, mama.»

«Mwanamuke wa kwetu hajibuke mugeni vile.»

Mama présidente alikuwa alitukataza: hapana kula chakula ya bakimbizi, tulikuja kuleta, hatukukuja kukula. Nilijua. Nikabakia nimeketi.

Aliniangalia kama vile anapima uzito yangu. Kisha akaniwekea mutoto mu mapaja, akatoka. Akaomba unga kwa jirani, na makala yenye moto ku kipande ya chungu. Nyuma ya bâche yake kulikuwa kumeota lengalenga, muchicha ya pori, akaichuma. Akapuliza moto mpaka machozi ikatoka, sijui ni ya moshi ao ya nini. Na mimi kuketi! Mikono ilikuwa inaniwasha. Nikaona anasonga bukari yenye mabonge, nikashindwa kunyamaza, nikamuambia aongeze unga.

«Mugeni haambiake mwenye nyumba namna ya kusonga.»

Nikahamisha mutoto ku paja ingine.

Akaninawisha mikono. Kwetu mwenye nyumba anakulaka na mugeni, hawezi kumuangalia tu. Akamega, akachovya, akameza. Akamega tena. Lengalenga haikukuwa na mafuta, bukari ilikuwa na mabonge kama mawe ya muto. Nikakula yote ya upande yangu. Nikamuambia: wasingya, aksanti ya kwetu.

Mama présidente alinikuta bado ninalamba bidole. «Koko, unakula unga ya bakimbizi?»

«Ninakula. Kesho ni wewe.»

Alikasirika. Lakini kesho yake alikuja, akaketi, akapikiwa. Kisha wengine, mumoja mumoja, na ule wa ulimi pia. Kazi yetu ikakuwa kuleta unga mubichi na kukaa kama bageni. Mama ule akaanza kulalamika kwa majirani kama bamama ya Butembo banapenda tumbo sana. Nilisikia, nikafurahi. Maziwa ilirudi polepole. Siku infirmière alipima mutoto tena, sindano ya kilo ilisogea, naye akauliza tulimupa dawa gani mama.

Siku ya kurudi alinifungia bukari mu jani ya ndizi, ya kula mu njia. Nilikula yote mbele ya kufika Beni, sikubakishia mutu. Mujukuu wa université akaniuliza nilienda kufundisha nini kule. Nikamuambia apike, mimi nimekuja mugeni. Alichoma sufuria yangu.

Juzi kule kambini balinipigia simu. Kasichana kanatembea. Kanaingia mu nyumba ya batu saa ya kula, kanaketi, kananyoosha mikono bakanawishe. Mama yake anauliza nani alikafundisha ile tabia.

Nikamuambia akaache, kamenifuata mimi.