Darubini ya Baba Moraa imeshikwa na ukungu

Leo nimekohoa kwenye simu, mume wangu akahurumia kioo.

Asubuhi hapa Kebirigo baridi ilikuwa inauma. Nilitoa darubini yake nje nimwonyeshe Moraa mwezi kabla haujatua, kisha nikaiweka jikoni karibu na moto ipate joto.

Kioo kikajaa ukungu!

Nikampigia huko Qatar anakofanya kazi.

"Mama Moraa, usipanguse! Itoe hapo kwa moto. Ikauke polepole kwenye chumba baridi."

Nikakohoa.

"Nani huyo?"

"Ni mimi. Wiki ya pili sasa."

"Basi usikohoe karibu na kioo."

Haki jameni.

Darubini nimeiacha kwenye baridi, vile alivyosema. Mimi na Moraa tuko hapa kwa moto.

Wamama wenzangu, akipiga tena, nishike?