Nyuki wa Ipole Wamenitetea

Jamani, leo nimeshinda kesi, na mashahidi wangu ni nyuki!

Niko Ipole na lori la tumbaku. Sheria inataka dereva alale njiani kabla ya kuingia Tabora, nami nimelala hapa tangu jana jioni.

Asubuhi hii Mzungu mkaguzi akagusa boneti. Ya moto.

"Umeendesha usiku kucha. Lete leseni!"

"Ni jua hilo, Bwana Mkubwa."

Wapi! Hasikii, leseni yangu keshaishika mkononi.

Nikamwonyesha chini ya madigadi: kundi la nyuki, na sega wameshaanza.

"Nyuki hujenga kwenye lori linalotembea?"

Akainama ahakikishe.

Alivyotimua mbio! Kofia kule, leseni yangu huku.

Nimeiokota. Sasa nyie wa Chemchem huko Tabora, nani atakuja kuwaambia nyuki kwamba muda wa kupumzika umekwisha, lori liondoke?