Jibu la Saa Sita

Breki alikuwa na hasira na basi ambalo halipo. Lilikuwa limechorwa kwa chaki kwenye mlango wa kabati la jikoni, na maelezo yake yameandikwa pembeni: limetoka mji A saa mbili asubuhi, linakwenda kilomita themanini kwa saa. Saa moja baadaye gari dogo linatoka hapo hapo, njia ile ile, kilomita mia kwa saa. Litalifikia basi saa ngapi?

"Halilifikii," alisema Breki. "Nikiliona kwenye kioo tu, nakanyaga mafuta."

"Shemeji!" Mdogo wa mkewe, mwalimu wa hesabu wa sekondari, aligonga chaki mezani ikakatika. "Hili basi huendeshi wewe!"

Jina la Breki alipewa na madereva wenzake, kwa sababu miaka yote aliyoendesha mabasi ya masafa marefu hajawahi kugonga hata kuku. Lakini sasa mgongo ulikuwa umekwisha. Daktari alimwambia bila kupepesa macho kwamba aking'ang'ania usukani, uzee wake ataumaliza kitandani. Kampuni ilikuwa na nafasi moja tu isiyo ya kuendesha, ya mpanga ratiba, na meneja alitaka anayeiomba afanye mtihani wa mwendo, umbali na muda. Akishindwa, anarudi nyumbani mikono mitupu, kwa watoto wawili wa shule na mke anayeshonea watu nguo kwa mashine ya kuazima.

Basi kila jioni alikaa jikoni, mto nyuma ya kiuno, akigombana na herufi t.

Kugawa alijua vizuri. Kosa lake lilikuwa moja, na alilirudia mpaka shemeji yake akataka kulia: kila safari aliiongezea muda. Atagawa kilomita kwa mwendo, kisha atatia mlima, atatia mizani ya malori, atatia abiria aliyebanwa na haja. Jibu likiwa saa tano, yeye anaandika sita na nusu.

"Nani kakwambia kuna mlima?"

"Barabara gani haina mlima?"

"Hii! Haina mlima, haina kituo, haina mtu wa kuumwa tumbo. Ndani ya hili basi hamna mtu, shemeji. Hamna!"

Breki alilikodolea macho lile basi la chaki, na hasira iliyompanda haikuwa tena ya masomo. Ratiba aliyoifuata miaka yote ilitengenezwa hivi hivi, na mtu aliyekaa chini ya feni, akagawa, akafunga kalamu, akaenda kula. Kwa ajili ya ratiba ile alibana mkojo mpaka macho yakamtoka, akatafuna mkate huku ameshika usukani, akapewa barua za onyo kwa kuchelewa kufika mahali ambapo hakuna kiumbe angewahi. Mgongo wake uliliwa na hesabu ya kugawa.

"Washenzi," alisema. "Washenzi wakubwa."

"Mimi?"

"Si wewe, shemeji. Endelea. Nifundishe huo ushenzi wao niujue."

Akajifunza kwa chuki. Muda wa gari dogo uwe t, wa basi uwe t na moja. Themanini mara t na moja ni sawa na mia mara t. Themanini inabaki upande huu, ishirini t upande ule, kwa hiyo t ni nne, na gari dogo limetoka saa tatu. Linalifikia basi saa saba mchana. Hakuongeza hata dakika. Shemeji yake alipiga makofi, yeye hakucheka.

Siku ya mtihani walikaa madereva watatu ofisini kwa meneja. Swali la mwisho lilisema: basi linatoka saa kumi na mbili asubuhi, safari ni kilomita mia nne na themanini, mwendo themanini kwa saa. Litafika saa ngapi? Ilikuwa njia yake mwenyewe. Hajawahi kuimaliza kabla ya saa nane, hata siku moja. Alimtazama meneja kwa jicho baya. Kisha akakumbuka maneno ya daktari, akamkumbuka mkewe ameinamia mashine ya watu, akaandika: saa sita mchana.

Alipata zote. Wenzake wawili waliandika saa nane, wakaambiwa hawajui hesabu.

Wiki ya kwanza kazini alipanga ratiba upya. Alitia mlima, alitia mizani, alitia muda wa dereva kushuka na kunyoosha mgongo. Ile njia yake ikafika saa nane. Akaipeleka kwa meneja, kifua mbele.

Meneja aliisoma, akafungua droo, akatoa karatasi ya mtihani.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Basi linafika saa ngapi hapa?"

"Bosi, huo ulikuwa mtihani."

"Nimekuuliza saa ngapi."

"Saa sita."

"Sasa usinichezee akili. Ungeandika saa nane, hicho kiti angekalia mwingine. Na wanaokitaka bado wapo."

Damu ilimchemka Breki. Alitamani kuipindua meza ile na droo zake zote. Badala yake alirudi kwenye kiti chake, kiti laini kisichoumiza mgongo, akakata saa nane, akaandika saa sita, akatia saini. Alijichukia kuliko alivyomchukia meneja.

Asubuhi yake aliibandika ratiba ukutani. Dereva aliyehamishwa juzi kutoka tawi jingine, aliyerithi basi la Breki, aliifuata kwa kidole mpaka mwisho, mishipa ikamsimama shingoni.

"Hivi huyu mpumbavu aliyepanga hii, amewahi kushika usukani kweli?"

Madereva wengine wakatazama viatu vyao.

"Amewahi," alisema Breki. "Njia hiyo hiyo. Basi hilo hilo."