Siku Majembe Yaliposimama Tingi

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka moyoni hadi leo. Niliamka nyumbani Litumbandyosi, nikanawa uso, nikaondoka. Sikuwa na safari. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, na tangu hapo miguu yangu haikutulia. Nikiona njia nilitaka kujua inaishia wapi. Wazee husema mkaa bure si sawa na mtembea bure, na mimi methali hiyo niliishika kuliko amri zote kumi. Mungu anisamehe.

Nilichokuwa nacho ni sauti. Usicheke, najua unanisikia ninavyokohoa. Kwenye mashindano ya kwaya za parokia, nikisimama kuanzisha wimbo, watu waliacha kutafuna karanga. Nyimbo nilizitunga mwenyewe, njiani, bila kujua noti hata moja.

Lori la kahawa lilinipakia, likanishusha, nikatembea, hata mchana nikafika Tingi. Nikakuta msiba. Binti mdogo aitwaye Editha alikuwa amefariki kwa homa akiwa juu ya machela, wanaume wakimkimbiza hospitali kwa miguu kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara. Waligeuka naye njiani. Katekista wa pale, aliyewahi kunisikia kwenye mashindano, alinishika mkono.

"Mungu amekuleta," akasema. "Anayetuanzishia nyimbo anaumwa. Tusaidie kaburini."

Nikueleze kidogo jinsi tunavyozika, maana wewe umezoea nyimbo za kwenye simu. Mmoja anaanzisha, wote wanaitikia, na wanaofukia wanafuata mwendo wa kiitikio. Udongo unashuka pamoja na sauti za watu. Wakichoka wanapokezana majembe, lakini wimbo haukatiki mpaka tuta liinuke na msalaba usimame. Ndiyo maana wimbo wa kaburini huwa mfupi na mwepesi, hata mwenye kilio kooni auweze.

Hayo niliyajua, nimezaliwa humo. Lakini niliuona umati ule, nikausahau msiba. Nikaanzisha wimbo wangu wa mashindano, ule mrefu wa kupanda na kushuka, nikalipachika jina la Editha katikati. Hakuna aliyejua pa kuitikia. Watu walinyamaza wakanitazama. Nikadhani nimewagusa, nikaongeza ubeti, nikafumba na macho.

Nilipoyafumbua, majembe yalikuwa yamesimama. Jeneza lilikuwa limefunikwa upande wa miguu tu. Upande wa kichwa mbao zilikuwa wazi, na manyunyu yalikuwa yameanza kuzilowesha. Mzee mmoja aliyeegemea mpini wa jembe lake akaniambia, bila hasira yoyote, "Bwana mdogo, ukimaliza utuambie, tuendelee kuzika."

Mtu akacheka puani. Ngoma ikilia sana hupasuka. Yangu ilipasuka pale pale.

Ndipo mama yake Editha akainuka kutoka walipokaa wanawake. Alikuwa amelia hadi sauti imekauka. Akaanzisha yeye mwenyewe ule wimbo mfupi ambao kila mtoto wa jumuiya anaujua. Fikiria, mwanangu: mama anaimba ili udongo umwangukie mwanawe. Watu wakaitikia kwa kishindo, kama waliokuwa wamezibwa pumzi, na majembe yakaanza kushuka. Nimesikia kwaya nyingi maishani. Sijasikia tena sauti iliyokwaruza vile, wala wimbo ulioniaminisha kiasi kile kwamba Mungu anasikiliza.

Baada ya mazishi nilikwenda kumpa pole. Alikishika kiganja changu, akakitazama. Kilikuwa hakina tope.

"Mwanangu, sauti unayo. Mungu kakupa, hatukatai," akasema. "Lakini leo umemwacha Editha wangu anyeshewe ili sisi tukusikilize wewe. Mimi nilitaka watu waniitikie tu, basi." Akauachia mkono wangu. "Nenda ukale. Chakula kipo."

Chakula kile kilinishinda. Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni wa siku ile alimlazimisha mfiwa aongoze mazishi ya mtoto wake. Nikaishika njia ya kushuka ziwani, na njia nzima sikuimba. Nikafika kijiji kimoja cha ufukweni nisichokijua hata jina. Mama mmoja alikuwa anaanika usipa, vile visamaki vyetu vidogo, juu ya kichanja.

"Shikamoo, mama. Naomba mahali pa kulaza ubavu."

"Marahaba. Umetoka juu huko, kwenye kahawa?"

"Ndiyo, mama."

"Watu wa juu mnasifika kwa kuimba. Unaimba?"

"Naitikia, mama."

Akacheka. "Basi karibu. Waanzishaji tunao mpaka wanagombana, waitikiaji ndio hatuna. Kalale chumba cha nyavu. Kinanuka, nakwambia mapema."

Nikalala humo, na Jumapili nikasimama nyuma kabisa ya kwaya yao, nikaitikia.

Nakuambia haya kwa sababu juzi nimemwona kijana akijirekodi kwa simu, anaimba mbele ya jeneza, na waliolibeba wamesimama wanamsubiri. Mwanangu, ukipewa sauti, au mkono wa kuchonga, au kichwa cha kutunga, usiulize kwanza nani anakutazama. Uliza nani amekosa kinywa siku hiyo, umpe chako. Kipaji kinachowanyamazisha waliofiwa hakijamtukuza Mungu, hata kama kimetaja jina lake katika kila ubeti. Mimi nimeitikia kwenye misiba mingi tangu siku ile, na bado upande ule wa kichwa haujafunikwa machoni pangu.

Mungu akubariki, mwanangu. Akikupa sauti, akupe na watu wa kuitikia. Na siku yako itakapofika, iwe mbali, udongo ushuke juu yako bila kusimama.