Nilivyowafafanulia Wakwe Ugonjwa Wangu

Mungu amenijalia subira, lakini ulimi wangu wenyewe unanichosha! Wakwe walikuja Butembo kumposa binti yangu, wakawa wanakazia macho mikono yangu inayotetemeka.

“Huyu papa, balimuloga,” mjomba wa kijana anayeposa akanong’ona.

Mimi, baba niliyedaiwa kulogwa, katekista wa miaka mingi, ningenyamazaje? Nikasimama kuwafundisha kama daktari wa mjini Beni alivyonifundisha: ipo jeni inayosimamia jinsi chembe za ubongo zinavyotoa kemikali za kupashana habari. Yangu ina kasoro, na chembe zinakufa polepole.

“Si uchawi!” nikamaliza kwa furaha. “Nilirithi kwa baba, naye kwa babu.”

Binti yangu akafunika uso. Mjomba akaweka soda chini.

“Donc, papa, huyu bibi-arusi ni mutoto yako wa kuzaa?”